Mkono Sikioni

Ujumbe uliingia alfajiri nikichuja chai:
riali kumi na tano, kosa la kushika simu,
barabara ya Rusayl, Jumatatu, saa nne kasoro dakika saba.
Nikasema hawa wamenisingizia.
Jumatatu sikuwa na simu. Nilikuwa na jino.

Jino la nyuma, lile lililonikesha siku tatu
hata nikajua idadi ya nyufa za dari.
Natoka Fanja kwenda kwa daktari Khoudh,
mkono mmoja usukani,
wa pili shavuni na barafu ndani ya soksi ya mwanangu.
Soksi safi, naapa. Ina picha ya twiga.

Zahran, mume wangu, akasema lipa ulale.
"Riali kumi na tano ni robo ya mbuzi.
Nenda rudi ya mahakamani ni mbuzi mzima, na ngozi yake."
Nikamwambia mimi nafundisha wanawake kuendesha gari.
Nikiandikwa kwa simu,
nani atanisikia nikimwambia macho mbele?

Dirisha la kwanza likanituma la tatu,
la tatu likanituma jengo la nyuma,
jengo la nyuma likataka nambari ya faili,
na nambari ya faili
ilikuwa dirisha la kwanza, limeshafungwa kwa swala.

Kesho yake kijana wa kumbukumbu akauliza jina.
Nikataja. La baba. La babu. La kabila.
Akabonyeza, akakuna kidevu:
Ghaniya binti Humaid wapo watatu,
mmoja wa Ibra, mmoja wa Fanja,
mmoja keshafariki na bado anadaiwa maegesho.
"Wewe umezaliwa wapi?"
Kigoma, nikasema.

Akainua uso. Akafunga mdomo,
kisha akaufungua kwa Kiswahili cha mamaye,
Kiswahili cha jikoni, cha kugombezwa:
"Keti, shangazi. Unasimama kama mgeni."

Faili langu kumbe ni karatasi mbili na picha.
Yule mwanamke nyuma ya kioo,
shungi limemteleza, macho yamevimba,
mkono sikioni kama anayepewa
habari ya msiba kutoka mbali.
Nusura nimpe pole.
Nusura, wallahi, nimwandikie faini mwenyewe.

Kijana akaivuta picha, ikakua:
vidole, shavu, kitambaa,
na chini ya kidole gumba
shingo ya twiga.
Hatukusema kitu. Akaichapa mara mbili.

Hakimu alisoma risiti ya meno polepole,
akaitazama soksi niliyoiweka mezani,
kavu, imekunjwa vizuri.
"Barafu iko wapi?"
"Imeyeyuka, mheshimiwa. Ndiyo kazi yake."
Karani akakohoa muda mrefu.

Kosa la simu likafutwa.
Lakini hakimu hakuifunga kalamu:
"Na huo usukani, bibi, ulikuwa na nani?"
Nikatafuta jibu. Pale palipong'olewa jino
ulimi ukaingia, ukakuta shimo.

Riali tano, kuendesha kwa mkono mmoja.
Nilizilipa dirisha la kwanza bila kuguna.
Zile kumi na tano zilikuwa za mtu mwingine,
mtu wa kwenye mashine.
Hizi tano zangu. Nilizitenda.

Zahran akapiga hesabu: petroli, siku mbili za kazi,
chai na mkate wa foleni.
Akafika kwenye mbuzi na nusu, akaacha.

Nakala ya pili ya picha nimeibandika
kwenye gari la mafunzo, juu ya kioo.
Kila mwanafunzi mpya huuliza huyu nani.
Huyu, nasema, alikuwa anaongea na jino lake.
Washa gari.
Mikono miwili.