Kivuko Namba Nne

Walinilipa siku tatu nihesabu magari.
Kiti cha plastiki, fomu, kalamu mbili,
chupa ya maji yaliyopata moto kabla ya saa nne.
Vivuko vya reli ni saba, fedha ni za viwili;
vingine vingoje
kama uwele wa Bahi ungojavyo wingu.

Kanuni nyepesi: magari kwa siku, mara treni kwa siku.
Jibu kubwa ndilo linaloondolewa kwanza.

Namba mbili mkono uliniuma.
Malori ya saruji, mashangingi ya wizara,
bodaboda zikipenya chini ya kizuizi
kama panya chini ya mlango.

Namba nne, asubuhi nzima, magari matatu.
Moja lilikuwa limepotea.

Lakini saa kumi na mbili na robo walivuka watoto,
fagio mkononi, viatu shingoni.
Zikavuka ndoo, tupu kwenda, zikirudi zinamwagika.
Akavuka Nyemo na mkokoteni wa zabibu;
tairi likanasa relini,
akalinyanyua kwa bega, hakutazama kulia wala kushoto,
alitazama zabibu.
Mbuzi ishirini na sita. Wao walitazama.

Treni ya umeme ina tuta lake, haigombani na mtu.
Hii ya zamani ndiyo inayopita katikati yetu,
na Mbeleje anaisimamia kwa bendera nyekundu
iliyopauka, karibu iwe ya harusi.

Fomu haina safu ya miguu.
Nikawaandika pembeni, vijiti vitano vitano,
hadi ukingo wa karatasi ukaota nywele.

Alhamisi, kikaoni: namba mbili, daraja. Namba sita, daraja.
"Na nne tunaiondoa pia," akasema mhandisi, "bila gharama.
Tunaweka uzio."

Kumbe kuondoa kuna maana mbili.
Kuna kuondoa hatari, na kuna kuondoa njia.
Mji huu una mtaa uitwao Tambukareli;
sidhani waliouita hivyo walikuwa na daraja.

Nikainua karatasi yangu.
"Vijiti hivi ni nini?"
Ndoo.
"Na hivi?"
Mbuzi. Wakacheka, hata mimi nikacheka.
"Na hivi vingi, mbona vifupi?"

Nikaviangalia. Sikuwa nimekusudia;
mkono wenyewe ulivikata hivyo.
Hivyo, nikasema,
ni vya saa kumi na mbili na robo.