Mvua ya Saa Tatu na Robo

Saa tatu na robo asubuhi mvua hunyesha Toledo,
ndani ya sanduku la kioo, futi tatu kwa mbili.
Haina wingu. Ina pampu, ina saa ya ukutani,
ina mimi, niliyezibua matundu ya mabomba
kwa siki na mswaki wa meno.

Nje ni Februari. Mto Maumee umeganda,
bata wanautembea kama lami.
Ndani, vyura wa Kihansi wanachomoza kwenye kuvumwani,
manjano, kimya; mkubwa wao
hukaa juu ya sarafu ya shilingi mia na asiijaze.
Hawa hawatagi. Huzaa.
Mtoto hutoka na miguu yake minne, punje ya mchele
iliyokwisha kuamua kuruka.

Watoto wa shule hupita mbio: tembo yuko mbele.
Mmoja alibandika pua kiooni.
"Humu hamna kitu."
Nikamwambia, kimo. Kinakungoja utulie.
Hakutulia.

Kibao kinasema walitoweka kwao.
Hakisemi kwamba nilikuwepo,
kijana wa miaka kumi na miwili kule Mlimba,
maporomoko yalipofungwa kama bomba la jikoni
na maji yakaingizwa tumboni mwa mlima.
Hakuna aliyesikia chura akiaga.
Tulitazama nyaya zikitupita juu, kwenda mijini,
tukasema: zamu yetu inakuja.
Ikaja, imechelewa, lakini ikaja,
na mimi nilishangilia hadi sauti ikakauka.
Silikani hilo.

Darlene, mkuu wangu, baba yake alipuliza chupa
tangu ujana hadi mapafu yalipogoma;
mji huu ulikula kwa kioo.
Ananiambia, huku akihesabu nzi wa chakula:
"Usiseme tumewaokoa. Tumewaweka."
Akiba haiozi, nilifundishwa.
Lakini akiba yenye ngozi huugua.
Mwaka juzi kuvu iliingia sanduku la nne,
tukawazika sabini kwenye mfuko mmoja.

Dada yangu Filomena ni mkunga.
Nilipomwambia kazi yangu alicheka
hadi akakohoa: "Umevuka bahari kulea vyura?"
Naye ana masanduku yake ya kioo, mawili,
ya watoto njiti, yenye joto la waya.
Nilimuuliza kipimo cha joto, akaniuliza kipimo changu,
tukawa kama mafundi wawili wa karakana moja.

Kisha usiku mmoja alipiga, hakusalimu.
Umeme ulikatika dakika arobaini.
Jenereta haikuwa na mafuta.
Alikuwa wa kiume, alisema, gramu mia tisa.

Nyuma yangu pampu ilianza kuvuma.
Niliifunika simu kwa kiganja
asiisikie ile mvua.

Tangu hapo mtu akiniuliza
kipi bora, taa au chura,
natafuta ufagio.

Alhamisi tunawapakia mia mbili, wanarudi.
Kila kasha lina cheti cha afya,
kibali cha kutoka, kibali cha kuingia, mihuri mitatu.
Karatasi zangu mimi ziko kwa wakili mwaka wa tisa;
nikitoka sirudi, nisipotoka sirudi.
Nimewatania: nisalimieni ukungu.
Darlene kauliza nimesema nini.
Nikamjibu, nahesabu.

Ila ukungu wenyewe, huko bondeni,
sasa nao hutoka kwenye mabomba
yaliyotandazwa mwambani, maana mto umepunguzwa.
Porini nako kuna fundi.
Yupo mtu, sijui jina lake,
anayepanda mteremko na spana mfukoni
kuhakikisha mvua imenyesha.

Nimemwandikia kikaratasi,
nimekichomeka chini ya kasha la mwisho:

Ndugu, matundu yakiziba usitumie sindano,
yatapanuka. Siki kidogo,
na mswaki laini.