Gari la Pamba

Tiketi shilingi mia mbili, wazee nusu bei.
Baba akatoa mia mbili nzima.
"Mimi si mzee," akasema. "Mimi ni maonyesho."

Ghala liko nyuma ya stesheni ya reli, Kisumu,
joto la saa nane limekaa kichwani kama karai.
Harufu ya naftalini. Feni moja inalalamika.
Kijana Kisia, kitambulisho shingoni,
anatusimulia kwa sauti ya mtangazaji
maisha ya nchi isiyokuwepo tena:
hiki kikombe cha bwenini, enameli imebanduka mdomoni;
hii saa, hujazwa kwa ufunguo;
huu mfuko wa nyavu, mtu hakutoka nyumbani bila huo,
huenda leo duka limepata machungwa.

Mfuko huo tulikuwa nao.
Mama alijaribu kutilia omena, wakamwagika wote,
basi ukawa wa kubebea kuku.

Ukutani, picha. Vijana wetu kwenye ngazi za chuo,
makoti yamewapwaya, theluji hadi vifundoni.
"Majina yao hatunayo," anasema Kisia.
Baba anapandisha miwani.
Wa tatu kushoto, Nyagilo, pampu za maji.
Yule aliyefumba macho, Mulama wa Butere,
alirudi na mke, na mke akarudi kwao.
Na huyu
(akameza mate)
huyu alikuwa hodari wa hesabu.
Nikatazama masikio ya huyo hodari.
Ndiyo haya ninayotundikia hereni.

Hakuwahi kutusimulia.
Tulijua tu kwamba cheti chake kilikataliwa,
eti herufi zake hazisomeki, eti huko hufundishwa fujo,
na kwamba miaka kumi na mmoja alikaza nati
chini ya msimamizi aliyesomea ufundi kwa posta.

Gari lipo mwisho, nyuma ya kamba nyekundu.
Dogo, rangi ya maziwa yaliyolala,
macho mawili ya mtu aliyeamshwa ghafla.
USIGUSE, kibao kinasema.
Baba akainua kamba kama mtu anayeingia zizini kwake.
"Halina geji," akamwambia Kisia. "Petroli unapima kwa kijiti.
Oili unachanganya humo humo, kama chumvi kwenye uji."
Kisha akagonga mlango kwa kifundo cha kidole.
Haukulia bati. Ulilia kama meza.
"Umesikia? Pamba.
Masazo ya kiwandani, yakatiwa gundi, yakashindiliwa kwa moto."

Pamba.
Hapo nikamkumbuka Mama, Kendu, vidole vimepasuka kwa vikonyo,
gunia lake juu ya mizani ya chama cha ushirika,
karani analamba kalamu, anaandika, anapiga muhuri.
Ujamaa wetu sisi ulikuwa karatasi.
Stakabadhi zimo hadi leo ndani ya kopo la biskuti,
malipo ya pili, malipo ya tatu, subirini,
zimeshikana kwa unyevu, ngumu, hazibanduki.
Tungezikusanya za kijiji kizima
tungepata angalau boneti.

Baba sasa yuko ndani. Magoti yamegusa usukani.
Mkono wake haukutafuta gia sakafuni;
ulikwenda wenyewe pale juu, pembeni mwa usukani,
ukasukuma, ukavuta,
ya kwanza, ya pili,
na mguu wa kushoto, ule wenye baridi yabisi,
ukashuka na kupanda bila kuuliza ruhusa.
Kisia alifungua kinywa kusema jambo la sheria.
Akaleta kalamu badala yake, na daftari la wageni:
"Mzee, yale majina. Niandikie taratibu."

Aliandika kumi na saba. La kumi na nane aliliacha.
Nilipotaka kuliandika mimi, akafunga daftari.

Nje, pikipiki kuukuu ya mwuza maziwa
ilipita ikikohoa moshi wa buluu.
Nikaziba pua.
Baba alisimama katikati ya njia,
honi zinampigia, matusi kwa Kijaluo na Kiswahili,
kifua amekifungua chote,
anavuta.