Tafsiri ya Mchopa

Kiingilio shilingi tano,
au kibaba cha korosho ghafi,
na Somoe wa mlangoni alizikagua mojamoja
kama karani wa chama cha msingi;
mbovu anakurudishia kiganjani.

Ghala la ushirika, Newala, msimu ule
wakulima walipolipwa ahadi.
Magunia matupu ndiyo viti vyetu.
Mbele, juu ya mzani mkubwa,
televisheni ya Mchopa, mgongo wake kama chungu cha pombe,
na nje jenereta inakohoa
kohozi la mtu asiyetaka kwenda hospitali.

Mkanda ulikuwa mmoja tu.
Tuliujua kama njia ya bondeni kuteka maji:
kachero amekamatwa, amefungwa kitini
ndani ya boma la mawe, nje theluji.
"Unga wa muhogo," alisema Mchopa,
"wameuanika usiku, wajinga hawa."

Kachero mwenzake anakuja kumtoa.
Kofia, koti refu, kalamu inayotema moshi,
gari ambalo likikata kona
nyumba za nyuma yake zinatikisika,
maana zilichorwa kwenye turubai.
Tuliona. Hatukusema.

Mchopa alisimama kando ya kioo na fimbo.
Aliwahi kuhesabu shehena bandarini Mtwara,
Kiingereza chake kilikuwa cha tani na magunia,
cha "pakia" na "shusha";
lakini wale watu wasio na rangi wakifungua midomo
aliyesema ni yeye.

Na mama yake, Nantende,
aliketi mbele kabisa, macho yamefunga ukungu.
Hakulipa, hakuulizwa.
Alikuja kusikiliza.

Sasa sikia palipo penyewe.
Mlango unavunjwa.
Aliyefungwa anainua kichwa, damu nyeusi kidevuni,
anasema neno.
Moja tu, kisha anacheka.
Na Mchopa akalitafsiri hivi:

"Mwambie mama sikumuuza mtu.
Wareno walinikamata ng'ambo ya Ruvuma
nimebeba chumvi na barua.
Chumvi waliila wao, barua nikaitafuna mimi.
Mwambie jembe langu liko darini kwa mjomba,
mpini wake usichomwe kuni.
Mwambie chale za shavuni bado zipo,
tatu upande wa kushoto, ya nne fundi aliikosea,
atanijua kwa kidole."

Neno moja!
Tukalisikiliza mpaka boma limeachwa mbali,
gari limevuka daraja, makachero wanakunywa chai
kwa vikombe vyenye masikio madogo,
na Mchopa bado anatafsiri.
Nantende amenyanyua mkono,
anapapasa hewa, polepole,
tatu, halafu ile ya nne.

Hakuna aliyecheka.
Hata Chikambo, ambaye hucheka matangani.

Kila Jumamosi kachero aliokolewa.
Kila Jumamosi barua ilirefuka:
mara ameota jino jipya, mara anauliza
kama yule mbuzi mwekundu alizaa.
Kisha mashine ikautafuna mkanda,
nasi tukarudi kwenye mambo yetu,
kubangua, kuungua vidole kwa mafuta ya maganda.

Nilisoma. Nikafundisha Kiingereza Lindi
miaka ishirini na sita, chaki mpaka kwenye nyusi.
Juzi mjukuu wangu kaiona kwenye simu, picha ileile,
nyumba zilezile zinatikisika.
Nikavaa miwani.
Mlango ukavunjwa. Kichwa kikainuka.
Kachero akamtazama mwenzake, akasema:
"Umechelewa."

Basi.
Umechelewa. Akacheka, wakaondoka.

Mjukuu ana miaka sita, Kiingereza hakijamfikia.
Akanivuta kanga.
"Bibi, amesemaje?"

Nikasafisha koo, kama jenereta ile.
"Isimamishe kwanza," nikamwambia,
"maana amesema mengi."