Gramu Mia Mbili na Arobaini

Shemeji Msellem kanitumia kutoka Sohar,
ndani ya kiatu cha mtoto, kimevishwa soksi,
kidude cha chuma kisichozidi kiganja.
"Fundi, humo mna zana kumi na moja,"
sauti imejaa simuni kama aliyenunua shamba.

Mimi fundi cherehani, Wete,
mlango wa tatu ukishawapita wauza ndoo.
Siamini kitu mpaka nikipime.
Nikakipeleka kwa Faki, penye mizani ya karafuu.
Akafuta sinia, akaweka, akakunja uso:
gramu mia mbili na arobaini.
"Ingekuwa karafuu ningekulipa.
Hiki unilipe wewe, nikakutupie."

Haya, tukifungue.
Vuta mikono, iachane kama wagomvi,
katikati linachomoza koleo,
mdomo mwembamba kama wa chuchunge.
Mdomo sitaudhulumu: unaumana sawasawa,
ukiuelekeza kwenye taa
haupiti hata uzi wa mwanga.
Aliyeuchonga mdomo alikuwa na subira.
Aliyeichonga mikono alikuwa na njaa;
minya kwa nguvu, kingo zinakutafuna kiganja.
Kisu kimelala ndani kabisa:
ukitaka kukata uzi, sharti kwanza uwe umetaka koleo.
Na bisibisi, ukiivuta kwa ukucha,
inakuja na kifungua kopo, na tupa, na msumeno wa kukatia ubua,
kama nyumba ya watoto saba, umeita mmoja.

Kazija, anayejifunza kwangu, akacheka:
"Mshika mbili moja humponyoka.
Sasa huyu mshika kumi na moja?"
Tukaijaribu kwenye kiskrubu cha bobini.
Ikakikalia kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea.
Nikairudia bisibisi yangu,
spoki ya baiskeli niliyoinoa jiweni.

Tena, aliyekibuni alimwona nani?
Mwanamume mwenye mkanda.
Msuli hauna mfuko.
Kanzu inao, lakini inapinda upande mmoja,
na Ijumaa, nilipokwenda sijida,
kikatoka, kikagonga sakafu,
safu nzima ikajua nina nini.

Koleo la marehemu baba,
alilostaafu nalo kiwanda cha makonyo,
lina kazi moja, halijui jina jingine.
Haliendi popote.
Ndiyo maana kila mtu anajua liko wapi.

Juzi tulikuwa Mtambwe, kwenye hitima.
Bi Time kaumwa na dondora,
kidole kimefura mpaka pete imezama,
rangi ya biringani.
Sabuni imeshindwa, mafuta ya nazi yameshindwa,
gari limekwenda kutafutwa.
"Nani ana chochote?"
Koleo la baba liko Wete, mahali pake.

Nikatia mkono kanzuni.
Wakatoka wote saba, kama kawaida yao.
Nikaichagua tupa kwa tochi ya simu,
nikapenyeza kipande cha kanga kati ya fedha na nyama,
nikasugua. Maji. Nikasugua.
Bi Time hakulia. Alisema:
"Pete hii marehemu kailipa mara mbili,
kwanza kwa pishi za karafuu,
halafu kwa kuniomba radhi."
Saa nzima, au karibu.
Ufa ulipotokea, bisibisi ile ile nene
ikaingia, nikaizungusha,
chuchunge akashika ncha, akavuta.
Pete ikafunguka bila sauti.
Kiganjani mwangu, mistari miwili ya kingo, myekundu.

Asubuhi Msellem kapiga: "Vipi, kizuri?"
Nikamwambia kingo zinauma,
kisu kimefichwa, kanzu inapinda.
Akanyamaza kidogo. La pete sikumwambia.

Unga wa fedha bado umo kwenye bawaba.
Brashi ya cherehani ipo hapa mezani.
Sijaupiga.