Gharama ya Kungoja

Baba alipokufa alituachia mngurumo.
Mdogo tu, kama wa nyuki aliyefungiwa chupani,
nyuma ya ukuta wa stoo, mchana na usiku:
inveta ikiikodolea macho pampu
iliyolala mita mia na ishirini chini ya nyayo zetu,
ikiiuliza kila sekunde, Sasa? Sasa? Sasa?

Januari ile, huku nyandani, kaskazini mwa New Mexico,
theluji ilikalia paneli hadi saa nne asubuhi
na betri zikakata roho kabla ya alfajiri.
Mama, Cresencia Maes, miaka sabini na sita,
aliyeyusha theluji kwenye sufuria ya maharage,
akasema, "Betri zimezeeka kama mimi, Leandro.
Tununue nyingine."
Nikatazama bei. Nikanyamaza.

Nikapima. Sina ufundi wa kujivunia;
nina mita ya kubana waya niliyoiazima kwa Tranquilino,
ambaye ananidai pia jeki na koleo.
Siku tatu niliandika nyuma ya bahasha ya rambirambi.

Pampu ikifanya kazi: wati elfu moja,
dakika arobaini kwa siku,
vyombo, kuku, kuoga, na farasi mmoja kikongwe.
Inveta ikingoja: wati sitini,
saa ishirini na nne.
Nikazidisha. Nikazidisha tena, maana sikuamini.
Kungoja kulikula mara mbili ya kazi.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Hakuna aliyeniambia kwamba kibaba
huvuja vivyo hivyo, haba na haba.

"Tuizime," nikamwambia Mama. "Tutaiwasha tukitaka maji."
Akaifunika swichi kwa kiganja kizima
kama mtu anayeziba kidonda.
Ndipo nikasikia habari za ghala.
Kabla sijazaliwa. Radi, nyasi kavu za Juni,
Baba akikimbia gizani kuwasha jenereta,
kamba ikimkatikia mkononi,
mpira wa maji umelala uani, mkavu.
Ng'ombe kumi na mmoja.
Tangu usiku ule aliapa: mtu hatayangoja maji tena,
maji ndiyo yatakayomngoja mtu.

Kumbe haukuwa uzembe.
Ilikuwa hofu ya Onofre Maes,
imefungwa ukutani kwa skrubu nne,
ikila wati sitini hata baada ya yeye kuacha kula.

Sikuizima siku hiyo.
Nilingoja Machi, udongo ulegee.
Tangi la lita elfu sita likapanda kilimani
juu ya gari la Tranquilino, likiyumba kama bwana harusi mlevi,
likatua mita ishirini juu ya bomba la jikoni.
Mtaro tukauchimba hadi kiunoni, baridi isiufikie mfereji.
Boya ndani ya tangi, waya mwembamba hadi stoo,
swichi ndogo inayotii jua:
jua likiwaka na tangi likipungua, inveta inaamka,
inavuta, inajaza, inajizima.
Si kusinzia. Kujizima.

Sasa maji yanangoja huko juu
na kungoja huko hakuli kitu.
Hayaulizi chochote. Yana uzito wake tu,
na kilima ndicho kinachoubeba.

Usiku wa kwanza Mama hakupata usingizi.
"Nyumba imekufa," alisema,
akigonga ukuta wa stoo kwa kidole kimoja.

Saa tisa nikasikia mlango.
Yuko uani, koti la Baba juu ya gauni la kulalia,
amefungua bomba hadi mwisho,
anamwagilia pale palipokuwa na ghala,
changarawe na magugu, basi.
Hakuna mashine iliyoamka. Maji yanakuja tu, gizani,
yanapiga mawe, yanatafuta njia.

Nilitaka kumwambia tunayapoteza.
Nikasimama mlangoni nikihesabu lita
hadi baridi ikaniingia miguuni,
nikaenda kumletea viatu.