Sanduku Lenye Kiwiko

Mchana napima macho ya watu, soko la Majengo:
soma mstari huu, na huu, na huu mdogo.
Usiku napima kile macho yanachokula.

Sanduku ni la mninga, mabaki ya kitanda.
Ndani nimelipaka masizi ya chungu na gundi,
maana ukuta unaong'aa ni shahidi mwongo,
huongeza maneno ambayo mwanga haukuyasema.
Lenzi ni nguvu nne, ya marehemu Ndahani wa Kikuyu,
aliyelipa nusu, asirudi kuichukua miwani.
Kutoka mwanya hadi lenzi ni robo mita kamili;
nimepima kwa futikamba ya fundi cherehani.

Diski ni ya harusi ya mdogo wangu Chiloleti.
Haichezi tena, inakwama pale pa keki.
Nimeibandua ngozi ya fedha kwa utepe
ikabaki safi, na mifereji isiyoonekana,
mfereji hadi mfereji nanomita mia saba arobaini.
Mwanga ukipita hapo haunyooki tena,
kila rangi hukata kona yake.
Njano ya chumvi hukata nyuzi hamsini na tatu kasoro kidogo,
ndiyo sababu sanduku langu lina kiwiko.
Watoto wa jirani huliita mkono uliovunjika.

Msumari wa kwanza niligonga kwenye kijani
cha taa ya kubana matumizi: mia tano arobaini na sita.
Wa pili kwenye zambarau yake.
Kati ya misumari, uzi na hesabu.
Sasa rangi ikisimama popote naujua urefu wa wimbi lake
kama mzazi anavyomjua mwanawe kwa kikohozi.

Tatizo lilikuwa njano.
Vitabu vinasema ni mbili, bega kwa bega,
hata nanomita moja haipenyi katikati yao.
Mimi naona moja, nene, kama aliyekula akavimbiwa.
Miezi mitano, moja.

Mwanya ni nyembe mbili zinazotazamana.
Nikizisogeza, mstari unakonda
na mwanga unakufa.
Nikizitenga, mwanga unarudi, na unene wake.
Ukitaka kuona kwa undani, kubali kuona kidogo.
Nami ni mtu wa Dodoma, jua kwetu ni la kumwaga,
sijawahi kuombwa nibane mwanga.

Nilibana. Kati ya nyembe palikuwa na kadi ya simu;
nikaitoa, nikapitisha unywele mmoja wa Nyemo,
nikakaza skrubu, nikauvuta taratibu.

Alhamisi umeme ulikatika Majengo yote.
Watu walilaani. Mimi nilishukuru kimyakimya:
taa ya barabarani, iliyokuwa ikivujia chini ya mlango,
imefunga mdomo.
Nikawasha spiriti kwenye kizibo cha soda,
nikanyunyiza munyu wa Bahi,
si wa dukani, ule anaouchuja mama mkwe
kutoka udongo wa mbuga.
Moto ukageuka kiini cha yai la kienyeji.
Tukakaa gizani dakika ishirini, macho yaive.
Vumbi la Agosti likikwaruza bati.

Nikachungulia. Moja.
Pengine moja na ukungu wake.
Macho yangu yana miaka hamsini na minane,
na hakuna lenzi dukani kwangu niliyoisahau kuijaribu.

Nyemo, binti wa Chiloleti, akaweka jicho.
Akanyamaza sana, hata nikadhani amesinzia.
"Baba mkubwa," akasema,
"mbona huo wa kulia umefifia kuliko mwenzake?"

Sikuwa nimemwambia idadi.

Nikapapasa penseli. Umeme ukarudi,
mtaa mzima ukapiga kelele za furaha,
na njano zetu zikazama katika taa za watu.
Nimeandika kwenye daftari la wateja,
chini ya jina la anayedaiwa fremu:
mbili, kwa jicho la Nyemo.
Kesho nitamwomba unywele mwingine,
huu umekatika nilipokuwa nautoa.